Kabla ya Mazimbu kulikuwa na Kongwa

Area C, Dodoma
14 Juni

Mpendwa Zuhura,

Mbukwenyi! Jizoeze kuitikia kabisa, maana ukija huku Ugogo hutapewa hata kigoda kabla ya salamu. Sisi wazima, upepo na vumbi tu ndivyo vinatusumbua. Natumaini wanao hawajambo na chaki haijakumaliza.

Barua yako nimeipata. Kwa hiyo mkuu wa shule anataka kidato cha nne waende ziara Bagamoyo tena, na wewe unaniuliza kama Kolo, huku Kondoa, kunafaa. Kolo kunafaa sana. Michoro ile ya miambani iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na mtu asiyeiona amekosa. Lakini kutoka Morogoro mpaka Kondoa ni mwendo, na ukifika kuna kupanda milima. Mimi nina wazo jingine: waleteni Kongwa.

Najua utacheka. Kongwa kuna nini? Wengi wetu tunaipita tu, tunanunua mahindi Kibaigwa, tunaendelea na safari. Lakini wewe umeshawapeleka wanafunzi Mazimbu, hapo hapo Morogoro, mara ngapi, kuona makaburi na majengo ya chuo cha ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini? Mazimbu ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Kambi ya wapigania uhuru ya Kongwa ilitangulia, 1964, na huwezi kuieleza vizuri bila kuanza na karanga.

Unajua kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakatuma wataalamu kuzunguka Tanganyika, na hao wakarudi na hesabu ya kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu. Kongwa ikawa ya kwanza. Kazi ilianza 1947 kwa matrekta chakavu yaliyobaki vitani, hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Matingatinga mawili yalikuwa yanafungwa mnyororo wa nanga ya meli katikati, yanatembea sambamba, yanang'oa vichaka. Mibuyu ikawashinda, nyuki wa kwenye mibuyu wakawakimbiza. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000, wakaambulia elfu chache.

Kilichowamaliza hasa ni ardhi. Nilipokuwa kule mwezi uliopita nilichukua kijiti nikajaribu kuchimba pembeni ya njia, mahali ambapo jua limepiga wiki kadhaa bila mvua. Kijiti kikavunjika, ardhi haikubonyea hata kidogo. Udongo ule ukinyeshewa ni laini, ukikauka ni saruji. Sasa karanga inazaa chini, Zuhura. Unaing'oaje? Majembe ya trekta yalikuwa yanaisha makali kabla ya jioni. Na mvua zenyewe unazijua za huku, zikija zinakuja zote kwa pamoja, zisipokuja ndiyo basi. Mgogo yeyote wa wakati ule angewaambia kwamba hapa ni pa uwele, mtama na ng'ombe. Ninavyoona mimi, hiyo ndiyo sehemu ya kuwakalisha wanafunzi chini na kuwauliza: nani aliulizwa? Mpaka mpango unafutwa 1951, pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda, na karanga zilizonunuliwa kwa ajili ya mbegu zilizidi zilizovunwa. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi ya taifa, ng'ombe wanajilia majani. Mgogo amerudi kuwa sahihi.

Waliacha majengo, barabara, na tawi la reli lililotoka Msagali, ambalo halipo tena. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Nchi ikapata uhuru, 1963 Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaweka makao yake Dar es Salaam, na wapigania uhuru wakahitaji mahali pa kukaa na kufanya mazoezi, mbali na mipaka na mbali na macho ya watu. Serikali ya Mwalimu ikawapa Kongwa. FRELIMO ya Msumbiji, ANC, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe, wote wakawa majirani kwenye magofu ya karanga. Samora Machel alipita hapo. Wanamibia waliopigana Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, Agosti 1966 walitokea hapo. Chris Hani, mpiganaji wa ANC, aliishi hapo, na kile kinyongo cha vijana wa ANC kukaa kambini miaka bila kupelekwa vitani ni moja ya mambo yaliyosababisha mkutano wa ANC wa 1969. Mkutano huo ulifanyika wapi? Kwenu, Morogoro! Hapo tu somo lako limeshafungamana.

Usitegemee makumbusho ya vioo. Kuna misingi ya zege ndani ya majani, majengo machache, na makaburi ya wapigania uhuru ambayo mtu asiyeelekezwa anaweza kuyapita. Kwangu mimi, utajiri uko kwa wazee. Nilikaa na bibi mmoja aliyekuwa binti wa kupeleka maziwa kambini. Anasema jioni walikuwa wanaimba kwa sauti nne nne, huku mtaani watu wanaacha kutwanga wasikilize. Akaniimbia kipande. Lugha ilikuwa ya kusini, haijui, kwa hiyo miaka yote hii ameyapindapinda maneno mpaka yamekaa Kigogo. Nikamuuliza kuhusu wasichana wa kijijini waliozaa na wapiganaji, akanitazama, akasema, “Mwanangu, hao wajukuu unawaona pale wanacheza mpira ni akina nani?” Kisha akabadilisha mazungumzo, nami sikumfuata tena huko. Waambie wanafunzi wako nao wajue pa kuishia, watoto wa siku hizi wanauliza kama polisi.

Kwa safari yenyewe, njooni Julai au Agosti, kuna baridi kidogo na njia ni kavu. Oktoba jua litawamaliza. Mkitoka Morogoro mpite Gairo na Kibaigwa, mfike Mbande, hapo mkate kushoto. Andika mapema kwa afisa utamaduni wa wilaya, utaje idadi ya wanafunzi, na uombe mwenyeji wa kuwaelekeza makaburini. Mkiwa na muda, mkutane na mzee wa Mpwapwa awasimulie hongo, yaani ushuru wa kupita, ambayo Wagogo walikuwa wanawatoza wenye misafara, ila msilazimishe yote siku moja.

Bibi anapenda sukari na majani ya chai, msiende mikono mitupu. Na wewe unijibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mimi nitakuja Mbande kuwapokea na lazima niombe ruhusa kazini. Msalimie shemeji.

Wako,
Neema