Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: Uwezo wa kivuko uandikwe pale abiria anapopandia

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Ukerewe. Ndugu zangu wako ng'ambo, kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na kwenda kuwaona ni lazima nivuke maji.

Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, upande wetu wa Ukerewe, kikapinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufunga gati Bwisya, Ukara. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Makaratasi yake yaliruhusu abiria 101, magari 3, tani 25. Tukazika watu zaidi ya 220. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika walipanda wangapi, maana mashine ya tiketi ilizama pamoja na kivuko.

Tuliletewa MV Ukara II: abiria 300, magari 10, tani 100. Kwa hilo tunaishukuru Serikali kwa dhati. Ila namba hizo abiria wa kawaida atazijuaje? Kwenye gati ninalopandia sijawahi kuona ubao unaozitaja.

Tena hesabu ya vichwa peke yake haitoshi. Chukua mifuko 100 ya saruji, mzigo ambao Fuso moja inabeba bila shida. Hiyo ni tani 5, uzito wa watu zaidi ya 60. Kwa MV Nyerere ingekuwa sehemu ya tano ya mzigo wote ulioruhusiwa. Getini nimeona mkaguzi akichana tiketi moja moja kwa makini, huku magunia ya mahindi, kreti za soda na pikipiki vikipita pembeni kwa kukadiria tu. Na chombo kikikaribia gati, watu wote husogea langoni ili wawahi kushuka. Akina mama na mabeseni ya dagaa kichwani, vijana wameshawasha pikipiki. Uzito wote unahamia upande mmoja, na hakuna anayewarudisha nyuma.

Ninaloomba halihitaji bajeti kubwa. Agiza kila kivuko cha Serikali kipakwe rangi langoni, kwa Kiswahili na kwa herufi za kusomeka kutoka mbali: abiria wangapi, magari mangapi, tani ngapi. Mizigo ipite kwenye mizani kabla ya kupakiwa. Majina ya abiria yaandikwe, na nakala ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa. Hili la nakala ndilo ninalokusihi kuliko yote, kwa kuwa nimeona watu wakizunguka na picha ya ndugu yao mkononi, wasijue kama alipanda au alibaki gulioni.

Mwezi Desemba watu hurudi visiwani kwa sikukuu na vivuko hujaa kuliko wakati wowote. Tunaomba agizo hilo litoke kabla ya hapo, na nahodha atakayekataa kung'oa nanga kwa sababu namba imezidi alindwe na ofisi yako, hata kama aliyeachwa gatini ni mkubwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Ukerewe