Umelipa lile deni? Barua kwa mwanangu kabla hajapanda gari la Mwanza

Newala, 14 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, bibi yako anasumbuliwa na miguu tu. Simu nimeishika mara tatu nikairudisha mezani, maana najua nikikusikia nitapandisha sauti, na wewe utasema mtandao unakata. Barua hii nampa dereva wa basi pamoja na kiroba. Isome kabla hujaondoka.

Umelipa lile deni?

Ujumbe uliingia Alhamisi alfajiri, niko jikoni nawasha moto. "Mdhamini, mteja wetu anakwepa deni. Mwambie alipe leo kabla hatujasambaza picha yake." Majina yako yote matatu, na picha ya kitambulisho, ile uliyonyolewa vibaya. Mimi sijamdhamini mtu. Saa mbili mjomba wako akapiga, naye kaupata. Saa nne katibu wa kikundi chetu cha akiba akaja mwenyewe hadi uani, akaulizia mbuzi, akaulizia mvua, akazunguka weee mpaka akafika alipotaka. Shilingi 163,000. Mjomba wako anasema uliomba laki moja kwenye programu ya mikopo ya simu, ikaingia 70,000, urudishe ndani ya siku saba. Yaani wamekata chao kabla wewe hujagusa.

Nimeambiwa ni viatu. Sitaki kujua kama ni viatu.

Ninachotaka kujua ni bumu, hela yako ya kujikimu chuoni, limekwenda wapi. 10,000 kwa siku, siku 60, hiyo ni laki sita, nimepiga hesabu nyuma ya daftari la kikundi. Ninyi mnapewa chakula cha miezi miwili kwa siku moja, na mwezi haujaisha mnakula uji. Wala si wewe peke yako, hilo nalijua. Lakini ujumbe ulioingia kwenye simu yangu ulikuwa wako peke yako.

Wewe ni mtoto wa huku, kuuza maua unakujua. Salfa hatujamaliza kupuliza, mikorosho ndiyo kwanza imetoa ua, na mtu wa kangomba, anayenunua korosho zikiwa bado ua, keshaanza kupita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Anakupa hela leo, utampimia korosho mwezi wa kumi. Mwaka 2024 mnada wa kwanza wa TANECU, chama chetu kikuu cha ushirika, bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Jirani yetu alikuwa ameshauza zake kwa 1,500 mwezi wa nane. Nilimwona anabeba magunia yake mwenyewe kumpelekea mwenye daftari, haongei na mtu. Sikumcheka. Mwezi wa nane mfuko hauna kitu, vibarua wa kupuliza wanataka chao, na kwake kulikuwa na mgonjwa. Yeye aliuza ua kwa shida. Wewe umeuza ua kwa shida gani?

Na wewe ndiye uliyefaulu hayo masomo! Ulipoleta habari za yule profesa wa Stanford, Mischel, na watoto wake na pipi moja sasa hivi au mbili ukisubiri, niliisimulia gengeni kama nimeisoma mimi. Hasa ile ya watoto wa wakulima wa kabila la Nso kule Kameruni, waliowekewa andazi badala ya pipi. Karibu 7 katika kila 10 walingoja mpaka mwisho, na watoto wa Kijerumani kama 3 tu. Niliona fahari, nikasema hao ni kama wa kwangu.

Lakini ukaongeza ile ya 2013, nadhani hukudhani nitaishika. Watoto walioahidiwa kalamu za rangi, mtu mzima akatoka akarudi mikono mitupu. Ilipokuja zamu ya pipi wakasubiri dakika 3 tu, na wenzao walioletewa kalamu zao wakasubiri 12. Halafu ukanyamaza kwenye simu. Nilijua umenilenga mimi.

Sawa. 2018, mwaka wa malori ya jeshi kubeba korosho, tulitangaziwa shilingi 3,300 kwa kilo na mimi nikakuahidi kwa hesabu hiyo. Nikauliza chama cha msingi mpaka wakanichoka. Ukafungua shule Januari bila kitu. Hela ilipokuja kuingia tayari ilikuwa na wenyewe, na sikukwambia kwamba imeingia. Hilo tuliache hapo. Nalisema ili usidhani nimesahau, siyo ili ulitumie kujitetea kwa deni la viatu.

Watu wanasema sisi wanawake wa kikundi tuna subira. Subira gani? Sanduku letu ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu wa nyumba tatu. Mimi ninao mmoja. Ijumaa usiku ningekuwa na zote tatu ningelifungua, nikalipa deni lako, na Desemba tunapovunja kikundi na kugawana akiba ningejua pa kuficha uso. Lilinishinda bati, siyo moyo wangu mzuri. Si ulisema wewe mwenyewe kwamba watoto waliofaulu kungoja walijifunika macho, wakaimba, wakageuka upande wa pili? Walioikodolea pipi ndio walioila. Basi hiyo simu yako ni sanduku lisilo na kufuli, unalala nalo, na usiku wa manane linakuamsha kukwambia umekubaliwa mkopo.

Ifute hiyo programu mbele ya mtu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Itafute uone kama hao wako wamo. Bumu likiingia mpe mjomba wako nusu akushikie, akutolee kila wiki, hata kama anaudhi. Ataudhi. Ukiona aibu kumpa mjomba nipe mimi, ingawa kwa niliyokwishaandika hapo juu nitakuelewa ukikataa.

Umelipa? Nauliza tena kwa sababu kila siku inayopita wao wanaongeza.

Paa la jiko limevuja upande wa mafiga, fundi anasema bati nne, mimi nasema mbili. Mbuzi amezaa pacha, mmoja hanyonyi vizuri. Dada yako amekataa kurudi kwa mumewe mpaka baada ya msimu, usimpigie kumshauri. Kwenye kiroba kuna unga wa muhogo, mbaazi, na korosho nilizobangua mwenyewe, vidole bado vyeusi kwa mafuta yake. Hizo ni za kula, usigawe bweni zima siku ya kwanza. Nakujua.

Ile mikorosho minane ya upande wa bondeni usiihesabu mwaka huu. Jumamosi yule mtu wa daftari alipita, nikampa. Kilo 80 kwa 1,500. Nimeuza na majogoo, yule mwekundu pia, bibi yako hajajua. 163,000 kamili imo kwenye bahasha katikati ya unga, chimba kwa mkono. Sikuituma kwa simu kwa sababu hiyo simu siiamini ikiona hela.

Ukilipa nitumie ujumbe wao wa kuthibitisha. Usinipigie kwanza. Na kile chombo cha korosho kirudi na mfuniko wake, ni cha katibu.

Mama yako