Mfundishe namba moja wako kwa mchezo wa Stockton

Malindi

Swahibu yangu,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu kwako na kwa wote nyumbani Lamu: umeniuliza yule kijana wako mfupi, namba moja wa timu ya mpira wa kikapu, yule anayeongoza mashambulizi na kugawa mpira, amtazame mchezaji gani. Amtazame John Stockton. Najua vijana wanawapenda wanaoruka juu na kupitisha mpira kati ya miguu, lakini asiye na kimo wala mbio za ajabu hapati kwao cha kushika.

Stockton alikuwa na futi 6 na inchi 1. Utah Jazz, klabu ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, walimchukua kutoka chuo cha Gonzaga mwaka 1984, akiwa wa 16 katika uteuzi wa wachezaji wapya, na hakuvaa jezi ya klabu nyingine mpaka alipostaafu 2003. Aliacha asisti (pasi za mwisho kwa mfungaji) 15,806 na mipira 3,265 ya kupokonya. Rekodi zote mbili zingali zake. Jason Kidd, naye fundi kwelikweli, alimaliza na asisti 12,091. Na katika misimu 19 Stockton alikosa mechi 22 tu, 18 kati ya hizo msimu mmoja alipopasuliwa goti. Huwezi kutoa pasi ukiwa benchi.

Sasa tuje kwenye skrini yake na Karl Malone, mwenzake wa Jazz, yaani mmoja anasimama njiani mwa beki ili mwenye mpira apite, maana hapo ndipo penye darasa. Malone anakuja, anapanua miguu kiasi cha mabega, anasimama kimya. Stockton anamngoja. Vijana wengi huharibu hapa: namba moja anatoka kabla mwenzake hajatulia, yule anasogea kumfuata beki, mwamuzi anapiga filimbi. Akishatulia, mwenye mpira apite karibu mno, bega lake liguse nyonga ya mweka skrini. Ukiacha upenyo hata wa nusu hatua, beki anajipenyeza na skrini yote imekwenda bure.

Akishapita, asiudake mpira! Aendelee kudunda na kuwatazama mabeki wawili. Beki wake akipita nyuma ya skrini, arushe kikapuni. Wote wawili wakimrukia yeye, mweka skrini ageuke kuelekea kikapu, kifua kikiwa upande wa mpira, na pasi ya kudundisha ipite kati yao. Idunde kwenye theluthi mbili za njia, imfikie kiunoni. Ikidunda karibu na mtoaji inafika ikiwa imepoa. Ikidunda miguuni mwa mpokeaji hashiki. Stockton aliitoa pasi hiyo kwa mkono mmoja, moja kwa moja kutoka kwenye kudunda, na beki hakupata dalili. Mwenye kuukusanya mpira kwa mikono miwili kwanza huwa ameshatangaza.

Kwa uwanja wa wazi kama wenu nasisitiza pasi hiyo ya chini. Kaskazi ikivuma, pasi ya kuning'inia huenda inakotaka upepo. Fagieni mchanga kwenye saruji kabla ya kuanza, hasa pale anapogeukia mweka skrini. Mguu ukiteleza pale, goti ndilo linaloumia.

Jambo jingine ambalo wengi hawalioni: Stockton mwenyewe aliwawekea skrini mabeki wakubwa kuliko yeye, kutoka nyuma, Malone akapata nafasi chini ya kikapu. Namba moja wako akikataa kugongwa, nusu ya mchezo huo hataupata.

Mtafutieni pia video ya tarehe 29 Mei 1997 kule Houston. Matokeo ni 100 kwa 100, Stockton anafunga pointi tatu muda ukiisha, na Jazz wanaingia fainali yao ya kwanza ya NBA. Lakini mwambie asimwige Malone katika mchezo ule. Alimkumbatia Clyde Drexler wa Houston waziwazi, na kwa haki ilikuwa faulo.

Anza na mkono wa kushoto, kila siku kabla ya kitu kingine chochote: dunda, pasi ya chini ukutani, dunda tena, bila kuukusanya mpira. Niandikie ukishaona anavyoupokea.

Wasalaam,
swahibu yako