Msifungue pampu kabla ya kufungua mfuniko wa tangi

Mhariri,

Masika yakikaribia, ukurasa wenu wa kilimo hutuandikia habari za mbegu na mbolea, nami huusoma wote. Lakini huku Gongoni, kaskazini ya Malindi, msimu hauanzi na mbegu. Unaanza na trekta, na matrekta tunayoyategemea ni yale makuukuu, hasa Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Langu niliachiwa na marehemu mume wangu. Ndilo lililosomesha watoto wetu kwa kulimia watu, na bado linalima.

Kilichonifanya nishike kalamu ni yaliyompata jirani yangu. Trekta lake lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi, likilima kidogo linapoteza nguvu, linakohoa, linazimika. Likipumzishwa linawaka tena. Fundi wa karakana moja akamwambia pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu hadi kwenye nozeli za kuipulizia ndani ya silinda, imekufa. Ikafunguliwa pale pale chini ya mwembe, juu ya gunia, na kaskazi inavuma vumbi. Jirani akauza mbuzi ili alipe. Trekta likarudi shambani, likazimika vile vile.

Aliponiita, nilingoja lizime kisha nikafungua mfuniko wa tangi. Hewa ilivutwa ndani kwa kishindo. Kile kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa na matope. Dizeli inapotumika, lazima hewa iingie tangini kushika nafasi yake. Isipoingia, mafuta yanazuiwa kushuka. Ukisubiri, hewa hupenya polepole, na ndiyo maana lilikuwa likiwaka baada ya kupumzika. Tulikizibua kitundu kwa sindano, tukauosha mfuniko, likalima hadi jioni. Mbuzi wameshakwenda. Jambo hili limeniuma, Mhariri, kwa sababu ninajua si yeye peke yake.

Nawaomba mafundi wetu na wenye matrekta waanze upande wa tangi, waje polepole kuelekea injini. Injini hii haina kompyuta wala plagi za cheche. Hewa ikibanwa ndani ya silinda hupata joto kali, dizeli ikipuliziwa humo inawaka yenyewe. Basi inahitaji mafuta safi yasiyo na hewa ndani yake, pumzi ya kutosha, na mbano mzuri. Hata betri, ikishawaka, haina haja nayo.

Kama haiwaki kabisa, tazameni bomba la moshi wakati stata inazungusha. Usipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye nozeli. Ukitoka mweupe nayo haiwaki, mafuta yanafika ila hayaungui, na hapo msikimbilie kushusha injini. Tazameni kwanza vichwa vya betri na waya wa arthi. Sisi tunaishi kati ya bahari na mashamba ya chumvi. Shaba inaota ukijani, stata inazunguka kivivu, na mbano wa kivivu hautoi joto la kuwasha dizeli. Nimeona injini ikihukumiwa kwamba ringi za pistoni zimekwisha, kumbe ni waya wa kukwanguliwa kwa msasa.

Kama mafuta hayafiki, fungueni bomba linaloingia kwenye ile pampu ndogo yenye mkono, inayovuta dizeli kutoka tangini, mfungue koki ya tangi. Dizeli ishuke kwa nguvu. Ikichuruzika tu, kuna uchafu kwenye koki au bomba. Ikishuka vizuri, rudishieni, mtazame kama pampu ndogo inaisukuma mbele. Pampu hiyo ina utando ndani, na ukichanika dizeli inaweza kuingia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta imepanda na inanuka dizeli, usiwashe tena mpaka utando na oili vimebadilishwa.

Maji ndiyo adui mkubwa wa pwani. Tangi likilala nusu, hewa yetu yenye unyevu inatoa jasho ndani yake, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini ambako mafuta yanatokea. Langu nalijaza jioni, si asubuhi. Filta nazimwaga maji mara kwa mara, na dizeli ya madumu ya barabarani siinunui hata ikiwa rahisi.

Mkishafungua filta au tangi likikauka, toeni hewa kwa utaratibu, mkipiga mkono wa ile pampu ndogo: anzeni kwenye filta, kisha skrubu za pampu ya nozeli, ya chini halafu ya juu, mwisho nati za mabomba kwenye nozeli, kila mahali mpaka dizeli itoke bila povu. Wengi huona mkono wa pampu ndogo umelegea wakadhani umeharibika. Mara nyingi injini imesimama mahali ambapo kemu, ile nundu ya ndani inayoendesha pampu hiyo, inaubana. Izungusheni mzunguko mmoja, mjaribu tena.

Injini ikiwa inawaka lakini inatetemeka, legezeni nati ya bomba la kila nozeli, moja moja, ikiwa inanguruma taratibu. Silinda ambayo haibadilishi mlio ndiyo iliyolala. Lakini tafadhali sana, vijana wangu, msiweke kidole mbele ya dizeli inayotoka kwa shinikizo. Inapenya ngozi, na jeraha linaweza kuonekana dogo huku mkono unaharibika ndani. Likitokea, ni hospitali mara moja.

Na redieta msijaze maji ya visima vyetu vya karibu na bahari. Yana chumvi, inaganda ndani na kula chuma. Kingeni ya mvua.

Sisemi pampu ya nozeli haifi. Inakufa, nayo ni mashine ya kupimwa juu ya meza maalumu, kwa mtu mwenye vifaa. Vipande vyake vimekaribiana mno hata chembe ya mchanga inatosha kuvikwaruza. Kwa hiyo nawaambia wenzangu wenye matrekta: fundi akisema pampu, mwulizeni kwanza amekuta nini kwenye tangi, koki na filta. Kama hajafungua huko, asiiguse.

Nawaomba mtutengee hata nusu ukurasa kila mwezi Machi, kabla watu hawajaanza kulima, mwandike mambo haya pamoja na michoro. Vyuo vya ufundi vya Kilifi na Lamu navyo viyafundishe juu ya injini hizi hizi tulizo nazo. Kama mnahitaji trekta la kupiga picha, langu lipo Gongoni.

Mama mkulima,
Gongoni, Malindi