Nionyeshe panapouma, nikuambie ubao wako una nini

Jumatatu ndiyo siku yetu ya kuona michubuko. Watu wameteleza milimani Jumamosi na Jumapili, wamerudi hapa Denver, Colorado, kwa foleni ya barabara kuu ya I-70, na asubuhi wanaingia karakanani kwetu na ubao wa theluji begani kama jembe. Wengi wao wanaanza hivi: "Fundi, nadhani nahitaji ubao mpya." Nami huwajibu, kaa kwanza, nionyeshe panapouma.

Sisi si madaktari, kazi yetu ni kunoa kingo za chuma za ubao, kupaka nta na kufunga bindingi, yaani vile vifungio vinavyoshika buti kwenye ubao. Lakini ukikaa na kazi hii misimu kadhaa unaanza kuona kuwa chubuko lina kwao. Muundi unaouma kwao ni kwenye buti. Viganja na magoti kwao ni kwenye pembe za bindingi. Makalio, mara nyingi, ukingo umekuwa butu. Ubao wenyewe unasingiziwa sana, na mimi siwezi kumuuzia mtu ubao wa mamia ya dola wakati kinachomsumbua ni soksi.

Wanaokuja na michubuko hii zaidi ni wale ambao wamekwisha kujua kuteleza na sasa wameonja kuchonga. Kama hujafika huko, kuchonga ni kukata kona kwa ukingo wa chuma peke yake, ubao usiburuzike hata kidogo. Njia ya kujijua ni rahisi: simama, geuka, tazama alama uliyoacha. Ukiona mstari mwembamba kama wa kalamu, umechonga. Ukiona panapana kama mtu kapitisha ufagio, bado unaburuza. Hakuna aibu katika kuburuza, kila mtu ameanzia hapo, ila ukishauona ule mstari wa kalamu nyuma yako siku moja asubuhi, theluji imetoka kupigwa pasi na mashine usiku na haina alama ya mtu, basi umekwisha. Utatumia pesa zako zote huko.

Siri iko kwenye kiuno cha ubao. Ubao ni mpana kwenye ncha zote mbili na mwembamba katikati. Ukiulaza ubavu na kuukandamiza kwa uzito wako, unajipinda kama upinde, na mpindo huo ndio unaochora kona. Mbao nyingi za kawaida zina kiuno chenye nusu kipenyo cha kama mita 7 hadi 9. Kadiri unavyoulaza ndivyo kona inavyobana: ukifika digrii 60, kwa hesabu, ubao wa mita 8 unachora kona ya mita 4. Kwa hiyo anayechonga kila siku anatafuta kulaza zaidi. Na hapo ndipo shida zinapoanza, maana kabla ya ujasiri wako kwisha, kuna kitu kingine kinagusa theluji.

Nitoe mfano. Kuna kijana wa Goma, anafanya kazi kwenye ghala huko Aurora, jirani na Denver, alikuja ameudhika kabisa. "Yaya," yaani mkubwa wangu kwa Kiswahili cha kwao, "hii ubao inanitupa." Inamtupa vipi? Kona za kisigino hazina neno. Kona za vidole, yaani zile unazoegemea mbele ukitazama mlima, anaanza vizuri, analaza, analaza, halafu ghafla ubao unamponyoka kama mtu kaupiga teke kwa chini, anakwenda na kifua. Viganja vimevilia damu, na goti moja lina rangi ya zambarau. Yeye alikwisha kuamua kuwa ubao ni laini mno.

Nikamwambia avae buti zake, zifungwe kwenye bindingi palepale, kisha avue mguu aniachie buti kwenye ubao. Nikauweka mezani kwa ukingo wa vidole na kuulaza polepole na kipimo cha pembe juu yake. Ulipofika kama digrii 50, ncha ya buti ikagusa meza. Nikausukuma kidogo tu zaidi, na ukingo wa chuma ukanyanyuka, ukawa hewani. Alinyamaza, akainama kuangalia ile nafasi kati ya chuma na meza. Karatasi ilipita.

Basi buti ndiyo ilikuwa ikimtupa. Anavaa namba 45, na ubao wake katikati una upana wa sentimita 25. Halafu bindingi zilifungwa vile maduka mengi ya kukodisha yanavyofunga, mguu wa mbele digrii 12 mbele, wa nyuma digrii 12 kurudi nyuma, nyayo zinatazama pande mbili kama za bata. Mkao huo unafaa kwa anayeruka na kuteleza kinyumenyume. Kwa anayechonga, vidole vyote vinatokeza nje ya ubao, na ukilaza vya kutosha buti inakanyaga theluji, inakuwa jeki, inaunyanyua ukingo. Hakuna ustadi unaoshinda jeki.

Tulizungusha bindingi. Mbele digrii 30, nyuma 15, zote zikitazama mbele. Mguu ukikaa mshazari juu ya ubao hautokezi sana. Tukasogeza bindingi milimita chache upande wa kisigino ili ziada igawanyike sawa pande zote mbili, maana kisigino nacho hukanyaga. Nikaulaza tena mezani, safari hii tukapita digrii 60 kabla buti haijagusa. Kazi ya dakika 20 na bisibisi. Nilimwonya kwamba siku mbili za kwanza atajisikia mgeni, magoti yatatafuta mahali pa kwenda. Kwa wenye miguu mikubwa zaidi, kuna bati za kuinua bindingi juu kidogo, na kuna mbao pana. Huko ndiko tunakoanza kuzungumza habari ya kununua, siyo mwanzo.

Sasa soksi. Hii inatuhusu sisi tuliotoka nchi za joto, tuambizane ukweli. Mama mmoja alikuja akilalamika mambo mawili: vidole vinaganda, na mbele ya muundi panauma hata akigusa shuka. Nilipomwomba avue buti nikakuta soksi tatu. Ya pamba, ya sufu, na juu yake ya kuchezea mpira ya mwanawe. Ili zote zienee alikuwa amenunua buti kubwa kwa namba nzima. Na suruali ya ndani kaichomeka humohumo ndani ya buti, mshono umelala juu ya mfupa.

"Shikamoo mama," nikasema, "hizi soksi ndizo zinazokugandisha." Hakuniamini. Lakini ndivyo ilivyo: pamba inashika jasho na kukaa na maji, na soksi tatu zilizobanwa na kamba za buti zinazuia damu kupita. Wakati huohuo mguu ndani ya buti kubwa hautulii. Ukikunja magoti, kisigino kinanyanyuka, mguu unakwenda mbele, muundi unagonga ulimi wa buti. Kona moja si kitu. Kwa siku nzima utagonga mara mia kadhaa, mahali palepale, na pale hapana nyama ya kupunguza makali, ni ngozi na mfupa.

Buti iliyokaa sawa inashtua mtu dukani. Ukisimama wima vidole vinagusa mbele. Ukikunja magoti vinarudi nyuma kidogo na kisigino hakiondoki mahali pake. Soksi ni moja, nyembamba, ya sufu, ndefu hadi chini ya goti, na suruali ya ndani inaishia juu ya buti. Tunaweza pia kuipasha moto buti ya ndani ili ijitengeneze kwa umbo la mguu wako, na kama kifundo chako kina mfupa unaotokeza tunaweka sponji kuuzunguka, siyo juu yake. Yule mama aliondoka na buti ndogo zaidi na soksi moja, akicheka, "Kwa hiyo nimejigandisha mwenyewe misimu miwili?" Muundi uliokwisha kuumia hautibiwi na buti mpya siku hiyohiyo, lakini. Uupumzishe mpaka uweze kuubonyeza bila kukunja uso.

Kuhusu kingo nitakuwa mfupi ingawa ndiyo kazi inayotulisha. Theluji ya Novemba hapa Colorado nyingi ni ya mashine, ngumu, na asubuhi ni kama sakafu. Ukingo butu haushiki humo. Utausikia kwenye kona za kisigino: ubao unadundadunda chini yako, trrrr, halafu unakaa chini bila kutaka. Pitisha ukucha juu ya chuma kwa kukatisha. Kikikwangua unga mweupe kwenye ukucha, kuna makali. Kikiteleza tu, lete. Kwa wachongaji tunanoa pembe ya digrii 88 au 87 kwa tupa iliyofungwa kwenye kishikizo chake. Tafadhali usinoe kwa tupa ya panga kwa macho, maana chuma ukishakiondoa hakirudi. Na ukirudi kutoka mlimani ukiwa umefunga ubao juu ya gari, ufute. Ile dawa ya magnesiamu wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu inakula chuma usiku mmoja tu, asubuhi una kutu ya rangi ya chai.

Lakini kuna michubuko ambayo hata nikigusa kila skrubu haitaondoka, kwa kuwa inatokana na mkao wako. Kubwa kuliko zote ni kuinama kuitafuta theluji. Mtu ameona video, mchongaji amelala mpaka kiwiko kinagusa chini, naye anataka picha hiyo. Basi kwenye kona ya vidole anakunjika kiunoni, makalio nje, mkono unanyooshwa chini kama anaokota sarafu. Uzito umetoka juu ya ukingo, ubao unaachia, na mkono uko tayari umetangulia. Hivyo ndivyo bega linavyotoka mahali pake. Wale wa kwenye video hawaifuati theluji. Wamelaza ubao kiasi kwamba theluji imewafikia. Kwenye kona ya vidole peleka nyonga mbele na ukunje magoti, kifua kibaki juu. Kwenye kona ya kisigino kaa kama uko juu ya mbuzi unakuna nazi: chini, magoti yamekunjwa, na macho yanatazama kule unakokwenda. Jifunzie kwenye mteremko mpole. Na uangalie juu kabla ya kuanza, kwa kuwa mchongaji anakata upana wote wa njia na anayekuja nyuma hategemei hilo.

Halafu wako wanaoulizia buti ngumu. Karibu wote wana video ya Ester Ledecká kwenye simu, yule wa Ucheki aliyeshinda dhahabu ya skii kwenye Olimpiki ya PyeongChang 2018 na wiki moja baadaye akashinda ya ubao. Vifaa vile ni ulimwengu mwingine: buti za plastiki, ubao wenye kiuno cha sentimita 18 hadi 22, miguu yote imegeuzwa mbele digrii 55 au zaidi. Ni raha isiyoelezeka, na hapa hapa Colorado kampuni ya Donek wanatengeneza mbao za aina hiyo. Ushauri wangu ni kwamba uchonge kwanza msimu mzima na buti laini. Na ukinunua buti ngumu mtumba, uniletee nizione kabla hujalipa. Plastiki inazeeka hata ikikaa kabatini, na kwenye baridi kali inaweza kupasuka ukiwa katikati ya kona. Nimekataa kufunga jozi kadhaa na wenyewe wakanikasirikia. Sijali.

Yapo maumivu mawili ambayo nikiyasikia nafunga kisanduku cha vifaa na kukuambia nenda hospitali. Moja ni kwenye kile kishimo chini ya kidole gumba, upande wa nyuma wa mkono, baada ya kuangukia kiganja. Kuna kimfupa humo ambacho kikivunjika picha ya kwanza ya eksirei inaweza isionyeshe kitu. La pili ni chini kidogo ya nundu ya nje ya kifundo cha mguu. Watu wa ubao wanavunja hapo zaidi ya wengine, na mara nyingi huambiwa mguu umeteguka tu, wakarudi mlimani. Mwambie daktari wazi kwamba umeumia kwenye ubao wa theluji, uoneshe kwa kidole mahali penyewe, na kama baada ya siku chache bado panauma, rudi. Kichwa nacho, ukiona unatapika au husomi vizuri maandishi ya simu yako, usije kwangu kabisa. Vikinga mkono tunavyo kuanzia dola 25, na kwa anayeanza ni pesa nzuri kuliko nta yoyote nitakayokupakia.

Ukija, usilete ubao peke yake. Lete buti, lete na soksi ulizovaa siku ile, hata kama hazijafuliwa, tumezoea. Ukileta Jumatano kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa jioni unachukua. Ijumaa yenyewe usije, ndiyo siku mji mzima hukumbuka kuwa una ubao.