Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi ya Kutambua Vitu Visivyojulikana

Waheshimiwa wanachama, wazee wetu na wageni waalikwa,

Katika mkutano mkuu uliopita hapa Tanga tulikubaliana kwamba vitu vilivyokaa miaka mingi katika sanduku la chama bila mtu wa kuvitaja jina vipigwe picha na kuwekwa mtandaoni, ili tuone kama walimwengu tusiowajua wanaweza kutueleza ni nini. Wapo waliopinga, nami nilikuwa mmoja wao, kwa kuwa nilidhani tutavuna mzaha mtupu. Nakiri mbele yenu kwamba kwa sehemu kubwa nilikosea. Taarifa hii itahusu kazi hiyo peke yake. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya imo katika kabrasha mlilogawiwa mlangoni.

Kilichotushangaza kwanza ni wepesi wa majibu. Ile chupa nzito iliyookotwa ufukweni Pangani, yenye shingo iliyobinywa na gololi ya kioo inayocheza ndani yake, ilijulikana kabla chai ya jioni haijapoa. Ni chupa ya soda aliyoibuni Mwingereza Hiram Codd katika miaka ya 1870, ambamo gesi ya soda yenyewe iliisukuma gololi juu hadi ikaziba mdomo, na mnywaji akaibonyeza irudi ndani. Mtu mmoja wa India aliandika kwamba kwao soda ya namna hiyo ingali inauzwa, na mwingine wa Japani akasema hivyo hivyo. Baada ya kusomewa majibu hayo, wazee wetu wawili walikumbuka kusimuliwa kwamba watoto walizivunja chupa hizo kwa ajili ya gololi, jambo linaloeleza kwa nini tunaokota vigae vingi na chupa nzima moja tu.

Bakuli lenye maua ya rangi yaliyogongwa kwa sifongo, ambalo sisi tulilihesabu kuwa la Kichina, lilitambuliwa kwa chapa ya chini kuwa la kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi, ambacho vyombo vyake viliuzwa kwa wingi katika pwani yetu. Tangu siku hiyo tumejifunza kukipindua kila chombo kabla ya kukisifu. Alama yenye umbo la almasi katika bidhaa za Uingereza inaonyesha mchoro uliosajiliwa kati ya 1842 na 1883, na maneno ya Kiingereza yanayotaja kwamba kitu kimetengenezwa Ujerumani yalienea baada ya sheria ya alama za bidhaa iliyopitishwa Uingereza mwaka 1887. Mambo haya tumefundishwa bure na watu ambao hatutawaona uso kwa uso, na chama kinawashukuru.

Hata hivyo, jambo ninalotaka likumbukwe zaidi katika taarifa hii ni lile la kikopo cha Voi, Kenya. Mwanachama wetu wa huko alilikuta katika sanduku la marehemu babu yake kopo dogo la bati, bapa, lenye tundu la kupitishia kamba. Aliweka picha. Mmoja akajibu kuwa ni kikasha cha kiberiti, mwingine akasema ni tabakelo la ugoro, wa tatu akashikilia kuwa ni kasha la hirizi. Baada ya siku mbili wengi waliafikiana juu ya kiberiti, na katibu akaandika katika daftari kwamba suala limekwisha. Katika kikao cha robo mwaka kopo lilizungushwa mezani kama ada yetu, likamfikia mzee mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 85, mzaliwa wa Taita. Hakuligeuza wala hakuuliza. Aliliweka kifuani, akanyoosha kamba ya kuwaziwa shingoni, akasema, "Hiki ni kikopo cha kipande. Baba alikuwa nacho."

Kwa wale ambao hawakuwapo, kipande kilikuwa karatasi ya usajili iliyoamriwa kwa sheria ya mwaka 1915 katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa nayo, ikiwa na alama za vidole vyake na maandishi ya mwajiri kuhusu kazi na mshahara, na asiyekuwa nayo alikamatwa. Wakikuyu walikiita kikopo chake mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na dhidi ya karatasi hiyo Harry Thuku, kiongozi wa kupinga ukoloni, alihutubia umati kabla ya kukamatwa mwezi Machi 1922. Watu wa mtandaoni hawakutudanganya, kwa sababu kwa macho kopo lile linafanana kweli na kikasha cha kiberiti. Walichokosa ni shingo iliyolivaa kopo hilo. Nasi, ambao tulikuwa na mzee huyo katika safu ya pili ya viti vyetu, tulikwenda kuuliza ng'ambo kwanza. Lawama hiyo ni yetu, na naanza kujilaumu mimi mwenyewe. Kamati imeamua kwamba kuanzia sasa kitu kitapitishwa mikononi mwa wazee kabla hakijapigwa picha, na daftari litakuwa na safu mbili, moja ya jina lililotoka mbali na nyingine ya matumizi yaliyojulikana nyumbani.

Kwa upande mwingine, kuna siku ambayo tusiowajua walituokoa. Mwanachama aliyekuwa akichimba msingi si mbali na bahari alitoa chuma kilichooza kutu, kirefu kama mchi wa kutwangia kisamvu, kikiwa na pete ya shaba nyekundu upande wa chini, akakiegemeza ukutani jikoni na kutuma picha yake. Jibu la kwanza lilikuja kwa herufi kubwa: kisiguswe, watu watoke, polisi waitwe. Pete ile ndiyo inayouma mifereji iliyochongwa ndani ya mzinga na kulizungusha kombora linapofyatuliwa, na sote tunajua kwamba mji huu ulipigwa mizinga kutoka baharini katika mapigano ya Novemba 1914. Polisi walifika na kukiondoa. Narudia kwa msisitizo kwamba kitu cha namna hiyo hakiletwi katika mkutano kwa pikipiki.

Kuhusu namna ya kuuliza, tumeboresha. Zamani tulitia kando ya kitu sarafu ya shilingi 200, tukasahau kwamba mtu wa Norway hajui ukubwa wake. Sasa tunatumia rula, tunapima uzito, tunajaribu sumaku, na tunaeleza kilipopatikana bila kutaja nyumba ya mtu. Naomba pia, kwa heshima zote, wanachama waache kusugua vitu vya shaba kwa ukwaju na majivu kabla ya kuvipiga picha. Mrashi mmoja mzuri sana, yaani chombo cha kunyunyizia marashi, uliletwa ukimeremeta, na chapa ya fundi imefutika kabisa. Wanaotuandikia kwa siri kutaka kununua wasijibiwe, na wanachama wakumbuke kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

Sisi nasi tumekuwa wajuzi wa wengine. Mtu mmoja wa Ulaya alirithi kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, na wenzake walikuwa wamefikia kukiita kifaa cha mateso. Bi. Katibu alimjibu kwa sentensi moja kwamba ni mbuzi wa kukunia nazi, na mtu wa Thailand akaongeza kwamba kwao chombo hicho huitwa sungura. Kicheko kilichofuata kilikuwa cha haki.

Kimebaki kitu kimoja ambacho kimeshindikana. Ni fimbo fupi ya chuma yenye ndoana upande mmoja na jicho upande wa pili, iliyotoka katika shamba la mkonge karibu na Muheza. Tulipoandika kwamba ilikutwa kwenye banda la korona, tukimaanisha mashine ya kuchakata mkonge kama wazee wa mashambani walivyoiita, tulipokea maswali mengi ya kusikitisha kuhusu ugonjwa na hakuna hata moja kuhusu mkonge. Wengine walisema ni ya kupakulia shehena melini, wengine ya kuchinjia. Hakuna aliyetoa ushahidi, na hilo halituaibishi, kwa maana Ulaya wamekwisha kupata zaidi ya mia moja ya vile vidude vya shaba vya Kirumi vyenye pande 12, na hadi leo hakuna anayejua vilitumika kwa kazi gani.

Fimbo hiyo iko mezani mbele yangu. Wale ambao wazazi wao walifanya kazi ya mkonge naomba waje waishike kabla hatujaingia kwenye chakula; katibu atakaa hapa na daftari.