Maji ya moto yanachelewa kufika bombani? Usikimbilie kununua hita mpya

Mteja wetu mmoja wa Shangani, hapa Mtwara mjini, alitupigia simu mwezi wa saba akiwa ameshaamua. "Fundi, njoo unibadilishie hita, hii imekwisha. Naosha vyombo vyote kwa maji ya baridi, ya moto yanafika nasuuza sahani ya mwisho."

Tulipofika tukakuta hita nzima kabisa, ya lita 80, na maji yake yamepata moto vizuri. Lakini ilikuwa imefungwa bafuni kwa chumba kikubwa, upande wa mbele, na jiko liko nyuma, uani. Bomba la maji ya moto lilizunguka mita 22, tena la inchi robo tatu mwanzo hadi mwisho. Tungeweza kumuuzia hita mpya siku ile ile, na kesho yake angesubiri vile vile.

Wengi hudhani hita ndiyo inayochelewa. Kinachochelewa ni bomba. Ukifunga koki baada ya kutumia, maji ya moto yaliyo njiani hubaki humo na kupoa. Ukifungua tena, lazima yale yaliyopoa yatoke yote ndipo ya moto yafike. Mita 1 ya bomba la robo tatu hubeba takriban lita 0.3; la nusu inchi hubeba lita 0.18 hivi. Kwa mita 22 za mama yule ni karibu lita 7 za kumwaga. Koki yake ya jikoni ilitoa lita 4 kwa dakika, kwa hiyo hesabu tupu ni karibu dakika 2, na huzidi, kwa sababu kuta za bomba nazo hunyonya joto kwanza.

Lita 7 hizo si mchezo. Hapa mjini kuna siku za mgao, na wateja wetu wa Newala, juu kule kwenye uwanda wa Makonde ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, wanajua thamani ya ndoo moja kuliko sisi wa pwani. Halafu kuna LUKU. Kupasha lita 7 kutoka nyuzi 27 hadi 60 hula zaidi kidogo ya robo yuniti, na joto hilo linabaki bombani likipotea kila unapofunga koki na kuondoka. Fungua mara nne kwa siku kwa kupishana saa kadhaa, umeshapoteza yuniti nzima bila mtu kuoga.

Kabla hujatuita, pima mwenyewe. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajatumia maji ya moto, weka ndoo chini ya koki, fungua ya moto tu, na uhesabu muda kwa simu mpaka maji yawe moto mkononi. Kisha angalia ndoo ina lita ngapi. Ikiwa ni lita 1 au 2, bomba lako halina neno. Ikiwa maji ni machache lakini muda ni mrefu, shida ni mgandamizo, yaani nguvu inayosukuma maji: kila mita 1 ya kimo cha tanki juu ya koki hukupa bar 0.1 tu (bar ni kipimo cha mgandamizo), na tanki lililokaa juu ya dari kwa mita 2 haliwezi kusukuma kwa kasi. Hapo tunazungumzia kuinua tanki au kufunga pampu. Ukiweka bomba jembamba ili libebe maji machache kwenye nyumba kama hiyo, utalia zaidi.

Ikiwa ni lita 5 na kuendelea, dawa ya kwanza ni kufupisha njia. Kwa mama wa Shangani tulifunga hita ndogo ya lita 15 chini ya sinki la jikoni, kwenye laini yake ya umeme yenye breka na erthi. Ile kubwa ikabaki na bafu. Sasa jikoni maji ya moto yanafika kabla hajashika sabuni.

Nyumba za wageni zenye vyumba vingi kwenye hita moja ni habari nyingine. Huko tunashauri pampu ya kuzungusha maji: inayarudisha yaliyopoa kwenye hita badala ya kuyamwaga. Lakini tunaifunga na swichi ya kubonyeza au saa, na bomba lote tunalivalisha sponji la kuzuia joto lisipotee. Pampu inayozunguka usiku na mchana kwenye bomba lisilo na sponji lililozikwa kwenye zege inapasha sakafu, na bili utailipa wewe.

Sponji peke yake haliondoi subira ya asubuhi. Linasaidia anayeoga wa pili na wa tatu.

Kitu kimoja tunaomba sana: usipandishe joto la hita ukidhani maji yatakimbia. Hayaongezi mwendo hata kidogo. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na ya 70 hayampi mtu nafasi ya kuondoa mkono. Nyumba nyingi zina mzazi anayekandwa, kichanga, au bibi ambaye ngozi yake imekuwa nyepesi.

Kama bado unajenga, tuite kabla ya plasta. Bafu na jiko vikigawana ukuta mmoja, hita ikakaa katikati yao, na kila koki ikapata bomba lake la nusu inchi, hutanunua pampu wala hita ya pili.

Ukitupigia, tutajie mambo matatu: lita zilizoingia kwenye ndoo, dakika ulizosubiri, na tanki lako liko juu kiasi gani. Kwa hayo tutakuambia kwenye simu kama kuna haja ya fundi kuja.